Mbegu Haingoji Miaka Miwili

Mutalemwa,

Miaka mitatu! Ng'ombe mzuri angekuwa amezaa mara mbili na mimba ya tatu imo tumboni, na kazi yako ni hiyohiyo ya mimba za ng'ombe, kwa hiyo usiniambie hukuona muda ukipita. Umefika Jumatano, Jumatatu unapanda meli. Siku tano kwa miaka mitatu. Paka aliyepotea hurudi mapema kuliko wewe. Majirani wa hapa Nyanga walikuwa wananiuliza, "Mjukuu wako yu hai?" na mimi najibu, "Yu hai, anashika mafahali pabaya huko serikalini, hana nafasi."

Basi. Nimegomba, na kugomba kwenyewe ni uongo. Miaka hiyo mitatu, kila basi liliposimama barabarani nilikuwa naomba asishuke Mutalemwa. Utajua kwa nini.

Anayeandika ni Fundi Hamadi, mshonaji wa njia panda, aliyekushonea kaptula yako ya kwanza ya shule. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha kwa Kitabu chake. Nimemkwepa katekista, maana ni wa ukoo wetu na mdomo wake hauna komeo. Babu yake Fundi Hamadi alitoka pwani. Mambo ya ukoo wetu hayamwongezei wala hayampunguzii mgomba. Leo ni Jumapili, wewe uko mjini unaaga. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya mashati, ambako hutafika mpaka meli iwe imekiacha kisiwa cha Musira nyuma.

Sitakwambia uvae sweta. Wazungu wa huko watakwambia. Sitakwambia usali, umekwisha kuwa mtu mzima na Mungu unamjua mwenyewe. Nina neno moja tu, na ningeweza kulisema jana.

Jana ulikaa na mimi jikoni nikimenya ndizi, ingawa nilikufukuza nikakwambia jiko si mahali pa mwanamume. Ukachukua kisu ukamenya na wewe, vibaya, nusu ya ndizi inakwenda na ganda. Ukasema bila kunitazama, "Bibi, miaka ile ya chuo Kampala nilikuwa namtafuta Mama. Kila Jumamosi." Nikaendelea kumenya. Ukasema ulikuwa unapita mitaa wanayokaa wanawake wa kwetu, wale waliokwenda kuuza miili, unauliza mlango kwa mlango: mnamjua Kokugonza wa Bukoba? Na mmoja akakucheka, akakwambia, "Kijana, humu ndani sote ni Kokugonza. Unamtaka yupi?"

Ulicheka uliponisimulia. Mimi nilijikata kidole, ukanifunga kwa kitambaa chako. Hukujua unamfunga nani.

Mama yako hajaikanyaga Kampala hata siku moja. Yuko Muleba, kwenye nyumba ileile uliyozaliwa, mwendo wa kupanda kutoka sokoni. Ile habari ya Kampala niliitunga mimi, ukiwa na miaka mitano, siku uliyoniuliza mama yangu ni nani. Nilitafuta uongo ambao mtoto angeona haya kuuulizia tena. Niliupata, na ulishika vizuri. Sikujua utakwenda kuugongea milango.

Nikuanzie mwanzo.

Kokugonza aliolewa na mwanangu Kaijage, yule uliyemwita baba. Alikuwa msichana wa mikono. Msimu wa senene aliamka kabla ya wote, akarudi na kapu limejaa hadi linamwagika, akampa mumewe kama ilivyo desturi, kwa kuwa zamani zile sisi wanawake tulizikusanya tu, hatukuzila. Nami nikamwambia mbele ya wanawake wenzangu, "Ungezaa kama unavyokusanya senene, kibanja hiki chote cha migomba kingekosa nafasi." Wakacheka. Na yeye akacheka. Nilikuwa nasema hivyo kila msimu, misimu minne. Msimu wa nne hakucheka.

Nilimnywesha majani machungu mpaka akatapika. Nilimhesabia siku zake mbele za watu. Nilimpa jina: mgumba. "Mgumba, lete maji. Mgumba, kuku wametoka." Mwisho nikamwambia Kaijage amrudishe kwao, na Kaijage, ambaye alimpenda, akatazama chini akamrudisha. Alikuwa mtu mpole, na upole wake niliutumia kama jembe.

Kaijage akaoa mwingine. Miaka miwili, hakuna mimba. Huyo hakungoja kufukuzwa, aliondoka mwenyewe, na akiwa kizingitini alinigeukia akasema, "Mama mkwe, shamba ni zuri. Tazama mbegu." Nilimtukana mpaka akapotea njiani. Lakini nilijua, Mutalemwa. Ujana wake Kaijage alifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini, akarudi na kisonono kilichomlaza mwezi mzima. Mimi ndiye niliyemkanda. Nilijua, nikafunika.

Halafu ikaja habari kwamba Kokugonza ameolewa Muleba na amezaa mtoto wa kiume.

Sasa sikiliza, kwa kuwa umesoma sana na mambo mengine ya kwenu huyajui. Kwetu, mwanamume aliye wa kwanza kulala na mwanamke katika ndoa ana haki na mtoto wa kwanza wa yule mwanamke. Akimwacha kabla hajazaa, mwanamke akaolewa kwingine akajifungua huko, yule wa kwanza anaweza kwenda kumdai mtoto. Tunaita bisisi. Wazee walisema mbegu ya mwanzo haifi, inangoja ndani. Ni sheria, na Waingereza walipokuja waliikuta, wakaiacha.

Kaijage hakutaka. Alisema, "Mama, mtoto wa watu." Nikamwambia, "Ukifa, shemeji zangu watagawana kibanja hiki kabla kaburi halijakauka, na mimi nitalala wapi?" Hilo ndilo lililonisukuma. Nilijiambia ni damu, ni ukoo, lakini lilikuwa ni migomba. Nikaenda mimi mwenyewe Muleba na shemeji wawili na mzee mmoja wa kusema. Mkungu, mkuu wa kijiji kile, akakaa, akauliza, "Nani alikuwa wa kwanza?" Baba yako wa damu, mume wa Kokugonza, alikuwa mkulima mrefu mwenye kigugumizi. Alijaribu kusema neno moja, likamkwama, wazee wakamngoja, halikutoka. Akakaa. Ulikuwa umekwisha kuachishwa ziwa. Mkungu akasema mtoto ni wetu.

Tulikufuata nyumbani saa ileile. Mama yako alikuwa anapika. Chungu kilikuwa motoni, ndizi na maharage, na wewe ulikuwa umekaa karibu na mafiga na sahani yako ya bati unaigonga kwa kijiko. Hakulia. Alipiga magoti mbele yangu akasema, "Mae, mama, chukua. Sheria ni sheria. Lakini ngoja chakula kiive. Mwache ale kwanza."

Nikasema safari ni ndefu.

Ungekula kwa muda gani? Kipande cha asubuhi. Hakuna aliyekuwa akitufukuza. Lakini niliogopa: ukikaa ukala, mimi nitakaa nikuangalie ukila kwake, na nikikuangalia nitaondoka mikono mitupu. Nikakubeba mgongoni. Tuliposhuka mteremko bado ulikuwa umeshika sahani. Tulilala Kemondo kwa mtu tunayemjua, ulilia njaa usiku kucha, nikakupa samaki, ukamtupa chini. Ile sahani ya bati ndiyo niliyokuwa nikipimia chumvi miaka yote. Uliwahi kuniuliza imetoka wapi. Nilikujibu imeokotwa.

Sikuwa bibi mbaya kwako. Wacha nilisemee hilo, ingawa Fundi Hamadi ananitazama. Nilikula maganda ili wewe ule ndizi. Ulipougua surua nilikulaza juu ya tumbo langu siku tisa. Niliuza kahawa mbichi mtini ili uende shule ya padre, na wanaume wa ukoo wakasema mwanamke huyu amerukwa na akili. Nilikupenda kwa nguvu zote, kama mwizi anavyoshika alichoiba. Hata kilipokuwa kikinichoma sikuweza kukiachia.

Unakumbuka yule ng'ombe mweupe? Ulikuwa na miaka kumi. Alikaa bila kushika mimba, nikamwita mchinjaji. Ukaja mbio ukanishika nguo, ukasema, "Bibi, na kama kosa ni la fahali?" Nikakuzaba kofi, na katika maisha yako sijakupiga ila siku ile. Wewe ulifikiri ni kwa sababu umenijibu. Ng'ombe akachinjwa. Mwaka uliofuata ng'ombe wote wa jirani waliopandwa na fahali yuleyule walikaa watupu, Bwana Mifugo akaja, akamtazama, akasema huyu fahali wenu ni ngozi na kelele tu. Ukaanza kumfuata Bwana Mifugo kila alikokwenda. Kazi yako yote ilianzia kwenye kofi langu. Ulitaka kujua kosa ni la nani, na mimi nilikuwa nalijua, nimelikalia.

Baada ya hapo Kaijage akaugua kifua. Karibu na mwisho aliniambia, "Mama, mtoto wa watu umrudishe." Nikawaambia waliokuwapo ana homa, anapayuka. Wewe ulikuwapo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa unampepea. Kama umewahi kujiuliza mtoto wa watu ni nani, ni wewe.

Sasa nije kwenye ile safari yako ya mwisho, miaka mitatu iliyopita, ulipokuja na hadubini kwenye kasha la mbao. Kijiji kizima kilikuja kukucheka. "Mutalemwa, miaka yote ile ya shule ili uwe kuwadi wa ng'ombe?" Na yule mlevi jirani yetu, "Nisaidie na mimi, mke wangu ananikimbia!" Ukacheka nao, ukawaeleza jinsi mnavyoipokea mbegu ya fahali, mnaichanganya na kiini cha yai isife njiani, mnaipeleka kwa baiskeli hadi kwa jike ambaye fahali mwenyewe hajamwona. Walipoondoka uliiweka hadubini kizingitini palipo na mwanga, ukaniambia, "Bibi, fumba jicho moja."

Nikaona. Vitu kama viluwiluwi vya dimbwini, vingi, vinahangaika, kila kimoja kana kwamba kimechelewa kanisani. Nikauliza vinafanya nini. Ukasema, "Vinalitafuta yai." Vikilikosa? "Vinakufa." Ukabadilisha kioo, ukanionyesha mbegu za fahali mwingine, zimetulia kama unga uliomwagika. "Huyu anapanda kila siku," ukasema, "ana nguvu kuliko wote. Lakini tazama. Hata kwa watu iko hivyo, Bibi. Mwanamume mzima, hana tatizo, na mbegu zake zote zimekufa. Mara nyingi ni ugonjwa wa ujanani. Na watu wanamfukuza mke."

Fundi Hamadi hapa amesimama, anasema haya si maneno ya mwanamke mzee kuandikisha. Nimemwambia andika. Aliyeyafanya ni mwanamke mzee.

Ndipo nikakuuliza lile swali. Hukujua nakuuliza nini. Nilisema, "Mbegu ya mwanamume hukaa siku ngapi ndani ya mwanamke?"

"Chache, Bibi. Siku mbili, tatu. Haitoki Jumapili hii ikafika Jumapili ile."

"Haiwezi kungoja?"

"Ingoje nini?"

"Miaka miwili."

Ulicheka. Ukasema, "Bibi, miaka miwili hata gunia la maharage linaoza." Kisha, kwa kuwa unapenda sana kazi yako, ukaendelea, na sikukuzuia. Ukasema hata zile zilizo hai, zikitoka tu kwa dume haziwezi kitu. Ukiziweka karibu na yai saa ileile zinaligonga bure kama nzi kwenye kioo. Mpaka zikae kwanza saa kadhaa ndani ya jike; kuna jambo jike analozifanyia, ndipo zinapata kuingia. Ukasema wataalamu wameligundua juzijuzi tu, kwa sungura, na jambo lenyewe hakuna anayelijua ni nini, na wewe unataka kwenda kulijua.

Hicho ndicho unachokiendea kesho. Na mimi tangu siku ile sijalala usingizi wa mtu. Tulikaa barazani, wazee wazima, tukauliza nani alitangulia mlangoni. Hakuna aliyeuliza mwenye nyumba alifanya nini ndani. Mwanangu hakuwa na kitu cha kungoja ndani ya Kokugonza. Hakikuwapo hata siku ya kwanza. Nilijua kabla hujazaliwa, lakini nilikuwa nimejificha nyuma ya sheria; wewe ukaja na kioo chako ukaiondoa sheria, nikabaki nimesimama peke yangu mbele yako, na wewe unanicheka kwa upendo.

Ndiyo maana niliomba usishuke kwenye basi.

Ulipoandika kwamba umechaguliwa kwenda Ulaya miaka minne, nilipanda lori nikaenda Muleba. Ni mwezi uliopita. Nilisema mama yako walau ajue. Mumewe alikufa mwaka uleule niliokuchukua, hakuolewa tena, hakuzaa tena. Nilimkuta anapalilia. Amekuwa mweupe kichwani, Mutalemwa, na mimi nilimjua msichana. Nikamwambia yote: mbegu, kisonono, kioo. Nikamwambia ile Kampala. Nikapiga magoti, mimi, na magoti yangu unayajua.

Hakuacha kupalilia. Akasema, "Mimi ni mgumba. Wewe ndiye uliyenipa jina. Mgumba hana mwana wa kumuaga."

Nikasema mtoto anaondoka, labda aje muonane kabla ya meli.

Akasema, "Usimlete. Usimlete wewe. Kitu ulichokichukua huwezi kukileta kama zawadi."

Niliinuka kwa kushika mgomba wake. Nilikuwa nimefika njiani aliponiita. Si kwa jina. Aliita tu, "We!" Nikageuka. Alikuwa bado ameinama, jembe mkononi, hanitazami. Akauliza, "Anakula vizuri?"

Nikasema anakula.

Jembe likashuka tena udongoni.

Kwa hiyo sikukupeleka. Na jana uliponifunga kidole, mdomo ulinijaa na sikusema, kwa kuwa ningesema ungekwenda Muleba usiku uleule kwa miguu, meli ikakuacha, na nafasi yako akapewa mwingine. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini nakujua na najijua: ningesema, ungenitazama. Nimechagua kuambiwa laana zangu nikiwa mbali, na wewe uko majini huwezi kugeuka. Hata kukurudishia mama yako nimekufanyia kwa wizi. Sijui kufanya kwa njia nyingine, na umri wa kujifunza umenipita.

Sikuombi unisamehe. Padre alinipa Salamu Maria hamsini, nimezisali, hazikufika popote. Kibanja ufanye utakavyo. Ukiwaambia wa ukoo ukweli watakichukua, wakichukue. Migomba iliyonifanya nikuibe imeniangukia msimu huu mmoja baada ya mwingine, na sijaweka hata nguzo. Jina la Kaijage ukilitaka, libebe, alikupenda na hakukuomba. Usipolitaka, baba yako wa Muleba amezikwa upande wa juu wa nyumba. Jina lake atakutajia mama yako. Mimi sistahili kulitaja.

Na kule uendako, ukitazama ndani ya kile kioo chako ukaona jambo linalokuvunjia nyumba, usilifunike. Sina la zaidi. Ninyi mna kioo. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima, nikayafumba yote.

Miaka minne sitaifikisha. Usinifariji katika barua, nitamwambia Fundi Hamadi asinisomee. Lakini mama yako yuko imara, anapalilia kama kijana, na nimemwomba Mungu anipunguzie mimi amwongezee yeye, kama kweli anahesabu.

Sasa nisikilize, ni amri, ya mwisho. Siku utakayorudi, usije Nyanga. Nikiwa hai au nimekufa, usinianze mimi. Ukitoka melini panda basi la Muleba, shuka sokoni, panda mteremko. Usipeleke kitambaa, usipeleke sukari, usiseme nimetumwa na bibi. Sahani ya bati nimekuwekea sandukuni, imefungwa na barua hii. Nimeiosha chumvi yote. Ingia nayo. Atakuwa na chungu motoni, ni saa gani asiwe nacho. Kaa karibu na mafiga, pale pako, umwambie umekuja kula. Hata akikwambia hakijaiva, hata akikufukuza, hata giza likiingia na basi la mwisho likipita, usiinuke. Ngoja kiive.